Punje za Sataranji Zingetuokoa na Upatu wa Uongo

Alasiri moja nilikuwa nimeketi barazani, Mji wa Kale hapa Mombasa, nikiwatazama wazee wawili wakicheza bao. Mmoja nyumba yake ilikuwa imekwisha vunjwa, naye akijitahidi asifungwe mapema. Mara akaja kijana wa mtaa ule ule, mtoto wa watu wema, mkono mmoja ana simu na mkono wa pili ana karatasi ya majina. Akatoa salamu, akaitikiwa, akakaa. Kisha akaanza.

"Babu, kuna biashara mpya. Watia shilingi elfu moja, halafu waleta watu wawili. Kila mmoja wao naye alete wawili. Wala huna kazi ya kufanya. Wakishajaa chini yako, fedha zaja zenyewe."

Wasomaji wangu, nilidhani mzee atamgombeza, au atamtolea maneno ya halali na haramu. Hakufanya hivyo. Aliyakusanya yale makete yote 64 mbele ya kijana, akamwambia, "Haya mwanangu, tia kete moja shimo la kwanza, hiyo ndiyo wewe. La pili tia mbili, ndio watu wako. La tatu tia nne. Enenda hivyo hivyo, nami nakutazama."

Kijana akatia moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili. Mkononi ikambakia kete moja.

"Shimo la saba lataka ngapi?" mzee akauliza.

"Sitini na nne, babu."

"Nawe una ngapi?"

Kijana akaitazama ile kete, akacheka kidogo, hakujibu. Bao lina mashimo 32, na watu walikuwa wamekwisha hata kabla ya kulijaza shimo la saba.

Nimeleta kisa hiki kwa sababu yule mzee, ambaye nina hakika hakupita darasa la nne, alikuwa akisomesha hesabu kongwe iliyowashughulisha wanazuoni wetu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Nayo ni hesabu ambayo sisi watu wa pwani, kwa maoni yangu, tumeiacha ikatupotea, kisha twailipia kwa kuibiwa.

Asili yake ni hadithi ya sataranji. Neno lenyewe limesafiri njia ndefu: lilitoka Bara Hindi kwa lugha ya Kisanskriti, likapita Uajemi, likaingia katika Kiarabu, na huko ndiko tulikolipokea. Yasemekana mtu mmoja mwenye hekima wa Bara Hindi, jina lake Sisa bin Dahir, alimtungia mfalme wake mchezo huo. Mfalme akafurahi, akamwambia aombe atakalo. Sisa akaomba ngano: punje moja kwa nyumba ya kwanza ya ubao, punje mbili kwa ya pili, nne kwa ya tatu, na kila nyumba irudufishwe hivyo mpaka zitimie nyumba zote 64. Mfalme akaona ombi hilo ni dogo mno, hata akamdharau. Waandishi wa diwani yake walipopiga hesabu, wakarudi kumwambia kwamba hana ngano hiyo, wala hakuna aliye nayo.

Mmoja katika walioisimulia hadithi hii ni Ibn Khallikan, aliyezaliwa Irbil mwaka 1211 na akawa kadhi mkuu wa Damascus, ambako alifariki mwaka 1282. Katika kitabu chake cha wasifu wa watu mashuhuri, alipofika kwa as-Suli, bingwa wa sataranji wa Baghdadi, aliona watu wamekosea kudhani kwamba as-Suli ndiye aliyeubuni mchezo, basi akasahihisha kwa kuleta habari za Sisa. Linalonifurahisha ni uungwana wake. Kadhi mzima anakiri kwamba yeye mwenyewe alikuwa na shaka na ukubwa wa namba hiyo, mpaka alipokutana na mtu wa hesabu wa Iskandaria aliyemwonyesha kwa karatasi. Mtu huyo alirudufisha mpaka nyumba ya 16, zikapatikana punje 32,768, akaziita kipimo kimoja cha nafaka. Akaendelea kwa vipimo, kisha kwa maghala, kisha kwa miji iliyojaa maghala, hata nyumba ya 64 ikawa na miji 16,384. Akamwambia kwamba dunia nzima haina miji zaidi ya hiyo. Kadhi akasalimu amri.

Nami nataka kuifanya hesabu hiyo kwa vipimo vya nyumbani kwetu. Mama zetu walijua kwamba vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Huko nako ni kurudufisha! Tukichukua punje ya ngano kuwa wastani wa sehemu 40 za gramu ikigawanywa mara elfu, yaani punje elfu moja ni gramu 40, basi safu mbili za mwanzo za ubao, nyumba 16 zote pamoja, zina punje 65,535. Uzito wake ni kama kilo mbili na nusu na ushei. Ndiyo pishi hiyo, fitri ya mtu mmoja! Nusu ya kwanza ya safu nne haijamtoa mfalme jasho. Ametoa sadaka ya mtoto mmoja siku ya Idi.

Safu ya nne ikiisha, yaani nusu ya ubao, mfalme ametoa tani 170 hivi, mzigo wa majahazi mawili makubwa. Bado anacheka. Lakini nyumba ya 33 peke yake inataka tani 170 nyingine, na hapo ndipo bahari inapochafuka. Ya 40 inataka tani 22,000. Ya 48 inataka zaidi ya tani milioni tano na nusu. Nyumba ya 55 peke yake inataka karibu mavuno ya ngano ya dunia nzima ya siku hizi kwa mwaka mmoja, na zimebaki nyumba tisa. Jumla ya ubao wote ni zaidi ya tani bilioni 700, mavuno ya ulimwengu wote kwa muda wa miaka elfu kasoro kidogo.

Jumla ya punje ni hii: 18,446,744,073,709,551,615. Itazame vizuri, msomaji, maana watu wengi husema "chungu nzima" wakapita. Ina tarakimu 20. Kwa Kiswahili tungesema ni bilioni kumi na nane na nusu, kasoro kidogo, za mabilioni. Kama kila punje ingekuwa sekunde moja, sekunde hizo zingechukua zaidi ya miaka bilioni 584, ilhali wataalamu wa nyota huukadiria umri wa ulimwengu kuwa miaka bilioni 13.8.

Je, watu wa kale waliipataje bila mashine? Abu Raihan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarizmu mwaka 973, aliieleza katika kitabu chake cha tarehe za mataifa alichokiandika yapata mwaka 1000. Hakujisumbua kujumlisha nyumba moja moja. Aliona mambo mawili. La kwanza, ukiichukua namba ya nyumba ya 5, ambayo ni 16, ukaizidisha kwa nafsi yake, unapata 256, nayo ni namba ya nyumba ya 9. Ukiizidisha hiyo kwa nafsi yake unapata 65,536, namba ya nyumba ya 17. Mara nyingine, 4,294,967,296, namba ya nyumba ya 33. Mara ya nne umefika nyumba ya 65, ambayo haimo ubaoni. Jambo la pili ni lile alilolionyesha mzee wetu barazani: nyumba zote zilizotangulia, ukizijumlisha, ni pungufu ya nyumba inayofuata kwa moja tu. Basi toa moja katika nyumba ya 65, umeipata jumla ya ubao. Kuzidisha mara nne na kutoa mara moja, na kazi imekwisha.

Ile moja inayotolewa ndiyo ile kete iliyombakia kijana mkononi.

Kuna watakaoniuliza kama namba hii ina siri. Wapo kwetu wapendao kuzipima namba kwa herufi za abjadi na kutafuta ndani yake bahati na nuhusi. Mimi simo katika hilo, na sina haja nalo, kwani maajabu yaliyo wazi ndani yake yanatosha. Kwanza ni namba ya witiri, haigawanyiki kwa mbili, ingawa imezaliwa kwa kurudufisha mbili. Inaishia na 5, kwa hiyo inagawanyika kwa 5. Jumlisha tarakimu zake zote, utapata 87, na kwa kuwa 87 inagawanyika kwa 3, namba nzima nayo inagawanyika kwa 3. Ukizidi kuichambua mpaka mwisho utakuta imejengwa kwa namba tasa saba, yaani namba zisizogawanyika kwa namba nyingine ila kwa moja na kwa nafsi zao: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Hakuna hata moja iliyorudiwa.

Tazama jinsi zinavyofuatana. Anza na 3. Ongeza 2, unapata 5. Zidisha 3 kwa 5, ongeza 2, unapata 17. Zidisha zote tatu, ongeza 2, ni 257. Zidisha zote nne, ongeza 2, ni 65,537. Kila moja imezaliwa na ndugu zake waliotangulia wote, kwa kuongezwa mbili. Na zote ni tasa. Mtu yeyote mwenye akili angedhani kwamba mambo yataendelea hivyo milele.

Ndivyo alivyodhani Pierre de Fermat wa Toulouse, Ufaransa, ambaye naye, ajabu ya mambo, alikuwa mtu wa mahakama kama Ibn Khallikan. Mwaka 1640 aliwaandikia wenziwe kwamba anaamini namba zote za nasaba hii ni tasa, ingawa hakuwa na uthibitisho. Inayofuata baada ya 65,537 ni 4,294,967,297. Ilikaa karibu miaka mia moja bila ya mtu kuivunja. Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Urusi, akaonyesha kwamba inagawanyika kwa 641, na jawabu ni 6,700,417. Hakimu alikuwa amekosea. Na mpaka leo hakuna hata moja nyingine ya nasaba hiyo, baada ya 65,537, iliyopatikana kuwa tasa.

Naona tofauti kubwa baina ya makadhi wawili hawa. Yule wa Damascus alishuku, akangoja aonyeshwe, akaonyeshwa, akakubali. Yule wa Toulouse aliona mifano mitano mizuri, akaiamini ya sita. Nasi barazani twafanya hivyo hivyo kila siku: fulani alitia akapata, fulani naye akapata, na mke wa fulani, basi na mimi nitapata.

Hapo ndipo ninapotaka kusemea. Mwaka 2006 na 2007 miradi mingi ya namna hiyo ilianguka hapa Kenya, na watu wakapoteza akiba zao. Katika mtaa wangu kulikuwa na bibi mmoja, mjane, mtu wa kushona kofia. Alitia fedha alizokuwa akiweka kwa ajili ya kwenda Makka. Sitautaja mradi alioutia wala aliyemwingiza. Najua tu kwamba mwezi wa kwanza alipewa faida, akatutembeza sote barazani na habari hiyo, na mwezi wa nne mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Hakuhiji. Watu wakasema ni tamaa. Mimi nasema si tamaa. Nimemjua maisha yake yote, hakuwa mtu wa tamaa. Hakuna mtu aliyemkalisha chini akampa kete 64.

Angaliipiga hesabu angaliona. Kila mmoja akileta wawili, daraja ya 21 ikijaa wamehitajika watu 2,097,151. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha Mombasa nzima, pamoja na watoto wachanga, ina watu 1,208,333. Daraja ya 26 ikijaa ni watu 67,108,863, na Kenya nzima mwaka huo ilikuwa na watu 47,564,296. Daraja ya 33 haina watu wa kuijaza duniani. Wanadamu wote ni zaidi kidogo ya bilioni nane, nayo inataka jumla ya watu bilioni nane na nusu na ushei.

Lakini si lazima hata kufika huko, na hili ndilo watu hawalioni. Simamisha mchezo mahali popote upendapo, daraja ya tano au ya kumi na tano. Wale wa daraja ya mwisho, ambao wametoa fedha na hawajaleta mtu, siku zote ni wengi kuliko wote waliowatangulia, tena wamewazidi kwa mtu mmoja. Ndiyo sheria ile ile ya al-Biruni. Maana yake mradi wowote wa kuleta wawili wawili, siku utakapoanguka, zaidi ya nusu ya watu wake watakuwa wametoa na hawajapata kitu. Haihitaji mwenye mradi awe mwizi sana. Hata angekuwa mtu wa swafu ya mbele msikitini, hesabu ingewala watu vile vile.

Wala nisifahamike vibaya. Upatu wa mama zetu sio huu. Wanawake kumi, kila mwezi kila mmoja atoa elfu moja, mmoja apokea elfu kumi, na baada ya miezi kumi kila mtu amepata alichotoa. Hapo hakuna kinachorudufika. Fedha zazunguka tu. Hawa matapeli wamelichukua jina la mchezo wa heshima wakalivisha mwizi.

Na deni nalo ni hivyo hivyo. Zama za ujahili mtu akishindwa kulipa, deni lilikuwa likirudufishwa, na sote twajua riba ya kurudufika imekemewa vipi. Lakini ni wangapi katika sisi waliokaa wakaona inavyokwenda? Deni la shilingi 100, likirudufishwa kila mwaka, baada ya miaka kumi ni shilingi 102,400. Watoto wetu wanahifadhi katazo. Wakionyeshwa na hesabu yake, wataelewa ni moto wa aina gani waliokatazwa kuushika.

Najua nitajibiwa. Mwalimu mmoja wa madrasa niliyemgusia jambo hili aliniambia kwamba sataranji yenyewe ina maneno, na kweli katika madhehebu yetu ya Imam Shafi imehesabiwa kuwa makuruhu hata kama hamna kamari wala kupitwa na sala. Sibishani naye. Lakini simwambii acheze; namwambia ahesabu, kama alivyohesabu kadhi wa Damascus. Akitaka, aitupe sataranji alete bao, makete yapo 64 vile vile. Wala asiniambie hesabu ni kazi ya skuli peke yake, kwani ni nani anayewasomesha watu mirathi, thumni na sudusi, kama si yeye?

Jibu la pili hutoka kwa vijana: ya nini kuhesabu, na simu zipo? Kweli zipo. Simu nyingi za leo huihifadhi namba kwa vijumba 64, kila kijumba kikiwa ama wazi ama kimejaa, na namba kubwa kabisa inayoenea humo, vijumba vyote vikijaa, ni ile ile ya Sisa, haizidi hata moja. Basi kijana anatembea na ubao wa mfalme mfukoni, na kwa simu hiyo hiyo anapokea ujumbe wa kutia elfu moja alete wawili.

Ninaloomba ni dogo. Kila madrasa na kila darasa la sita, siku moja tu katika mwaka, watoto waletewe bao na makete yake, wafanye alichofanya yule mzee, kisha waisome namba ya tarakimu 20 mpaka waweze kuiandika bila ya kutazama. Na wazazi wakae nao.

Anayetaka kuanza leo, achukue penseli na karatasi, kwani hesabu ya kawaida ya simu huenda ikamkatia tarakimu za mwisho. Agawanye 18,446,744,073,709,551,615 kwa 641, polepole, kwa mtindo tuliofundishwa zamani. Jawabu lake ni 28,778,071,877,862,015, wala hakubaki kitu. Kijana wa barazani nilimwachia hesabu hiyo siku ile ile nyuma ya karatasi yake ya majina. Aliniletea baada ya siku tatu. Alikosea tarakimu mbili, tukazitafuta pamoja.